Mwongozo kamili: watoto wa shule kuchangia programu ya muziki iliyoingiliwa na mafuriko, na pesa ifike kweli

Kila mwaka mvua ya masika ikiisha napata meseji ileile. Mwalimu, watoto wetu walitaka kusaidia ile programu ya muziki ya vijana pale mtaani, maji yaliingia ukumbini, tukazunguka na kadi za harambee mwezi mzima, tukapata elfu tatu na kidogo, na sasa kuna wazazi hawasalimiani. Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka so wacha niandike yote mahali pamoja. Nashughulika na klabu ya muziki huku Kisumu, na mara ya kwanza kufanya hii kazi nilianguka vibaya kuliko nyinyi, nitafika hapo.

Kosa karibu kila mahali ni moja: watu wanaanza kuomba kabla hawajajua wanaombea nini. "Kusaidia muziki" hakuna mtu anaiona kwa macho. Hakuna mama wa soko la Kibuye atafungua kile kipochi cha kiunoni kwa sababu ya "kusaidia muziki". Ngozi ya ngoma anaijua, na bei yake unaweza kumwambia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla mtoto yeyote hajatoka nje

- Kaunta buku moja, kwaya mbili inatosha (ndio, hata daftari zina kwaya).
- Kitabu cha risiti chenye kaboni. Kimoja tu. Vikiwa viwili vitachanganyana.
- Barua tatu: ya shule kukubali, ya programu kuomba, na ya mzazi kuruhusu mtoto wake.
- Nambari ya kulipia ya M-Pesa yenye jina la programu au ya shule, isiwe ya mtu.
- Debe au ndoo ya rangi yenye kifuniko, na kufuli mbili zenye funguo tofauti.
- Watu wazima wawili ambao si wa nyumba moja, mmoja wa shule na mmoja wa programu.
- Mkeka mkubwa, sabuni ya kuosha vyombo, miswaki mizee, vitambaa vikavu na glavu. Hizi ni za hatua ya 2, usizicheke.

Kama programu haina akaunti, anzia hapo. Kikundi cha mtaani kinaweza kusajiliwa chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, kikipata cheti kinafungua akaunti, na benki nyingi zina Paybill yao ambapo unaweka nambari ya akaunti ya kikundi pesa inaingia moja kwa moja. Inachukua muda kidogo lakini bila hiyo utaishia kutumia laini ya mtu, na hapo ndipo maneno yanazaliwa.

## Hatua ya 1: Ruhusa iliyoandikwa

Hedi akikwambia "hakuna shida mwalimu, endeleeni" kwenye korido, hiyo bado si ruhusa. Dai karatasi yenye muhuri. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mtu kukusanya ada shuleni bila kutoa risiti rasmi, na inakataza mtoto kunyimwa masomo kwa sababu hajalipa, kwa hivyo huu mchango lazima uwe wa hiari kabisa na barua iseme hivyo. Usiweke kiwango cha kila mtoto. Usisome majina ya waliotoa asubuhi kwa paredi, maana ukisoma ya waliotoa ushasoma pia ya wasiotoa.

Kuchangisha barabarani na kwenye steji za matatu ni mambo mengine, hiyo ina sheria yake, Sura ya 106 ya Sheria za Kenya, inataka kibali. Ukilazimika sana anzia kwa chifu akuelekeze. Mimi ushauri wangu ni msiende, watoto hawana kazi katikati ya matatu na boda pale Kondele, na kuna njia zinazoleta pesa zaidi ndani ya ukumbi.

Ukiwa na karatasi tatu zenye sahihi ndani ya faili, songa mbele. Zikiwa mbili, ngoja.

## Hatua ya 2: Tandika kila kitu kwenye mkeka

Hii ndio hatua watu wanaruka na ndio inaokoa pesa kuliko zote. Nendeni ukumbini na watoto wachache wakubwa, toeni kila chombo, tandikeni mkeka kivulini, mpange mafungu matatu: kinachohitaji kuoshwa tu, kinachohitaji fundi, kilichokufa. Andikeni kwenye kaunta buku, kila kitu mstari wake.

Onyo kwanza. Maji ya mafuriko yamepitia vyoo vya watu. Glavu, sabuni, na hakuna mtoto kuweka mdomo kwenye kitu chochote mpaka kioshwe na kisafishwe kwa dawa. Na chochote cha stima, kibodi, amplifaya, spika, msikichomeke kwenye soketi ati tujaribu kama bado inalia. Kukichomeka kikiwa na maji ndani ndio kunakiua kabisa, na kunaweza kuua mtu. Fundi afungue, akaushe, asafishe tope, ndio ajaribu. Ule mchele watu hufukia simu iliyolowa pia muuache jikoni, hautasaidia kibodi.

Sasa hivi ndivyo vitu vinavyopona, chombo kwa chombo:

Tarumbeta na jamaa zake. Tope la mtaa wetu wa Nyalenda likikauka huwa laini kama unga wa wimbi na linaingia mpaka ndani ya valvu (vile vibonyezo vya juu), sasa mtoto akiona valvu imeshika anasukuma kwa nguvu, na ile mchanga inakwaruza chuma. Msisukume. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, yasiwe ya moto maana yanaharibu rangi ya nje, halafu fungua valvu moja moja. Zimeandikwa 1, 2 na 3, na ukirudisha 2 mahali pa 3 tarumbeta haitoi sauti na utafikiri imekufa. Sugua kwa mswaki, suuza, kausha, tia mafuta ya valvu. Mafuta ya kupikia hapana, yanaganda. Zile bomba za kuteleza za kurekebisha sauti unaweza kupaka Vaseline zikatembea vizuri. Mwaka mmoja tulikuwa tumeandika tarumbeta nne kwenye fungu la waliokufa, na tatu zilifufuka kwa beseni na sabuni ya vyombo.

Rikoda za plastiki (zile filimbi za shule). Osha, maliza.

Violin na gitaa. Violin imeshikwa na gundi inayoyeyuka kwa maji, ndio maana unaipata imefunguka pembeni kama kitabu kilicholowa. Msianike kwa jua, mbao itapinda. Legezeni nyuzi kidogo kidogo bila kuzitoa zote, kuna kijiti kimesimama ndani bila gundi na nyuzi zikitoka zote kinaanguka. Hizi ni za fundi. Na asiyejua asiguse na supa gluu tafadhali, fundi atakulipisha mara mbili kuitoa.

Ngoma. Ngozi ikilowa inalegea, ikikauka polepole kivulini mara nyingine inarudi. Ikiwa na ukungu mweusi au inanuka, badilisha. Ngozi ya ng'ombe au mbuzi inapatikana. Kuna mzee atawaambia ohangla (ngoma za Waluo) na orutu (fidla yao ya uzi mmoja) bila ngozi ya kenge hazina ladha, na kweli zamani ndivyo zilivyowambwa, lakini kenge ni mnyamapori na kuna ile sheria ya wanyamapori ya 2013, usiweke jina la shule kwenye biashara hiyo.

Nyatiti, kile kinubi cha Waluo. Angalia kama bakuli la mbao limepasuka. Kama liko sawa mna bahati, nyuzi zake nane siku hizi ni nailoni, hizohizo za kuvulia samaki.

Mkimaliza, fungu la kuoshwa likiwa kubwa kuliko mlivyodhani, mmefanya vizuri. Orodha yangu ya mwisho ilikuwa nusu ya ile mwenyekiti wa programu aliyokuwa ametangaza kanisani. Hebu fikiria kama tungeomba kwa ile ya kwanza, halafu mtu aje aone tarumbeta zinalia.

## Hatua ya 3: Vunja orodha iwe vipande mtu anaweza kubeba

Pata bei zilizoandikwa, kwa fundi na kwa duka, mbili au tatu za kila kitu. Halafu vunja. Huu ni mfano tu, weka bei zako:

- Ngozi 4 za ngoma kwa 1,500: 6,000
- Rikoda 10 kwa 350: 3,500
- Seti 3 za nyuzi za violin kwa 1,200: 3,600
- Mafuta ya valvu, chupa 2 kwa 700: 1,400
- Fundi wa gitaa: 2,500

Jumla 17,000. Hiyo ndio shabaha yenu, si "laki moja kama tutaweza".

Sasa karatasi ya manila, watoto wachore kila kitu na wakigawe. Nyatiti ina nyuzi nane, kwa hivyo ni sehemu nane za kulipia, mtu analipia uzi mmoja na jina lake linaandikwa kando ya huo uzi. Ngoma za isukuti zinakwenda tatu, kubwa, ya kati na ndogo, ukitengeneza mbili hujatengeneza kitu, kwa hivyo hizo ziombewe pamoja. (Kuna mfadhili aliniuliza kwani isukuti ni lazima. Nikamwambia UNESCO iliiweka hiyo ngoma ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, 2014, na hapa kwetu inalindwa na watoto kumi na wawili na debe. Akalipa.)

Sikiliza tofauti hapa. Nilienda Kibuye Jumapili moja na msichana wa Gredi 7, akamwambia mama wa nyanya, "Mama, tunaomba mchango wa muziki." Mama hata hakuinua kichwa: "Muziki gani na mimi sijauza?" Kibanda cha tatu nikamwambia abadilishe. "Mama, tunaweka ngoma ngozi mpya, imebaki mia nne ikamilike." Mama wa hapo akasimamisha kisu juu ya sukuma wiki. "Ngoma ya nani? Wewe ndio utaipiga?" Mtoto akasema ndio. Akatoa hamsini na akataka kujua itapigwa lini, na siku ya onyesho alikuja.

(Hapo tulikuwa wawili, na huyo mama ni jirani ya mtoto. Sikusema watoto watumwe sokoni, rudi hatua ya 1.)

## Hatua ya 4: Chagua kazi mbili, usichague sita

Mnapenda mandazi. Najua. Wacha tupige hesabu. Pakiti ya unga ya kilo mbili, sukari, mafuta, baking powder na makaa, tuseme 440. Inatoa mandazi kama 60, mkiuza kumi kumi ni 600. Faida 160, na hapo mmetumia asubuhi nzima, watoto kumi na mmoja, na mmoja amejichoma kidole. Kufika 17,000 mtapika zaidi ya mara mia moja.

Zinazofanya kazi ni hizi.

Udhamini wa mazoezi. Kila mtoto anatafuta watu watatu anaowajua, mjomba, shangazi, jirani, kila mmoja anaahidi shilingi 10 kwa kila siku mtoto atafanya mazoezi, kwa siku 20. Mtoto mmoja analeta 600. Watoto 25 ni 15,000, lakini ahadi si pesa, hesabu theluthi mbili, 10,000. Mazoezi ni chochote, kuimba, rikoda, kupiga debe, na mtu mzima wa nyumbani anaweka sahihi kila siku. Nimeipenda hii kwa sababu mtoto haombi bure na programu ikirudi inapata watoto ambao tayari wamezoea.

Onyesho. Ukumbi wa kanisa bila malipo, tiketi shilingi 50, watu 150, ni 7,500. Toa 1,000 ya kukodi viti. Inabaki 6,500.

Jumla 16,500. Hiyo mia tano iliyobaki sasa pikeni mandazi.

Kuhusu zile kadi za harambee: mara yangu ya kwanza nilitoa kadi 40 na zikarudi 17. Moja iliandikwa mia tisa ikaja na mia nne, kaka mkubwa alikuwa amekopa ya nauli akisahau kurudisha. Mtoto alilia mbele ya wenzake na mimi ndio nilikuwa na makosa, nilimpa mtoto wa miaka kumi na moja kuchunga keshi wiki tatu. Usifanye hivyo. Karatasi ya udhamini haibebi pesa, inabeba ahadi tu, na mwenye ahadi analipa mwenyewe kwa M-Pesa mwisho wa siku 20.

## Hatua ya 5: Pesa ipite njia moja

Sheria ziko chache lakini hazina huruma.

Keshi yote inaingia kwenye debe, kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu na mwingine kwa mtu wa programu, kwa hivyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Linafunguliwa mezani, watoto wawili wanahesabu, kila mmoja kivyake, wakitofautiana wanaanza upya. Safu kwenye kaunta buku ni tarehe, nani ametoa, ya kitu gani, kiasi, keshi au M-Pesa, nambari ya risiti. Sahihi nne chini. Pesa inaenda akaunti siku hiyohiyo ama kesho yake asubuhi.

Hakuna kutoa "kidogo ya boda" kwenye debe. Hata mia. Nauli itoke mfuko mwingine, kwa sababu siku ya kusoma hesabu hiyo mia ndio watu wataiongelea, elfu kumi na saba watasahau.

M-Pesa: usikubali meseji ya kwenye simu ya anayelipa. Kuna watu wanatengeneza meseji fake na wengine ni watu wazima wenye suti. Aliyeshika simu ya programu athibitishe pesa imeingia upande wake ndio risiti iandikwe.

Kila Ijumaa mtoto mweka hazina anasoma jumla mbele ya klabu na kupaka rangi kwenye manila. Ukiona watoto wameanza kubishana na wewe juu ya shilingi ishirini, furahi, wamekuwa wahasibu.

## Hatua ya 6: Siku ya onyesho

Tarehe ndio nusu ya kazi. Januari usiguse, ni Njaanuari, wazazi wametoka kulipa karo. Muhula wa pili walimu wa muziki wote wako mbioni na tamasha la muziki, hutawapata. Muhula wa tatu ni mitihani. Inabaki mwisho wa Februari mpaka katikati ya Machi, kabla mvua haijakolea. Jumamosi utawakosa Wasabato, na huku kwetu hao ni wengi, kwa hivyo Jumapili saa nane mchana, watu wameshatoka kanisani na wameshakula.

Lakini mvua ya ziwa inapenda kuja jioni, na ukumbi wetu una mabati bila dari. Ikinyesha hapo violin ni kama hazipo. Panga programu hivi: vyombo vya sauti ndogo kwanza, violin, nyatiti, rikoda, halafu kwaya, isukuti za mwisho. Mvua ikija saa tisa na nusu, isukuti zinashindana nayo na watu wanapenda hivyo zaidi. Kila kitu kiweze kuchezwa bila stima pia, sihitaji kueleza kwa nini.

Tiketi zina nambari, na mlangoni kuna watoto wawili na mtu mzima mmoja. Onyesha chombo kilichoharibika. Weka violin iliyofunguka mezani karibu na mlango, usiandike hotuba, watu wakiona tope kavu ndani ya tumbo la violin wanaelewa.

Mheshimiwa akija mpe kiti na dakika tatu. Akiahidi kitu jukwaani, piga makofi, ila usiingize kwenye jumla mpaka pesa ionekane.

Picha za watoto: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ruhusa ya mzazi, na wewe unayo tayari kama ile barua ya mzazi ya hatua ya 1 ilitaja picha pia. Hukuiandika hivyo? Piga picha za mikono na vyombo, zinapendeza vilevile.

## Hatua ya 7: Nunua mbele ya watoto

Ndani ya wiki mbili, la sivyo uvumi unaanza. Nenda na watoto wawili mpaka kwa fundi na dukani, wao ndio waulize bei na washike risiti. Gundi risiti kwenye kaunta buku kando ya mstari wa kile kitu, halafu piga picha ya ukurasa mzima na uitume kwenye grupu ya WhatsApp ya wazazi, ukurasa wote hata kama kuna makosa yamefutwa, ukituma uliopangwa vizuri sana watauliza ule mwingine uko wapi.

Pesa ikibaki, rudi kwenye orodha uongeze kitu kinachofuata. Ikipungua, sema imepungua ngapi na ni kitu gani kimekosa, na umwambie aliyelipia hicho kitu yeye mwenyewe, usimwache agundue.

Mama wa sukuma atumiwe picha ya ngoma ikiwa na ngozi. Mtoto aipeleke kwa simu ya mwalimu, amuonyeshe. Inachukua dakika mbili na mwaka ujao hutahitaji kumuomba.

## Hatua ya 8: Rafu

Kabla hamjarudisha chombo hata kimoja ukumbini, angalieni ukutani. Mafuriko huacha mstari wa kahawia, unaonekana wazi kabisa kwenye plasta. Chukua chaki, chora juu ya huo mstari kwa urefu wa mkono mzima wa mtu mzima, hapo ndipo rafu ya chini kabisa inapigiliwa. Mabaki ya mbao za ujenzi au mbao za paleti zinatosha, seremala wa mtaani anamaliza kwa siku moja. Tarumbeta na violin rafu ya juu ndani ya mifuko isiyopitisha maji iliyofungwa mvua ikianza, ngoma katikati, rikoda popote. Kibodi iwe na mtu wa kuibeba kwenda nyumba ya ghorofa, na jina lake na nambari yake viandikwe ndani ya mlango, kwa kalamu isiyofutika.